Kinanda Kisicholia: Tukichague kwa Sikio, Si kwa Jicho

Miongoni mwa vyombo vya kielektroniki ambavyo vijana wetu wanavitamani siku hizi, kimoja kina tabia ya ajabu. Kina sura ya kinanda na huuzwa kwa jina la kinanda, lakini hakitoi sauti yoyote. Mtu akikiunganisha na umeme na kukibonyeza, atasikia mgongano mdogo wa plastiki tu. Chombo hicho ni kinanda cha MIDI. Kazi yake si kulia, bali kuiongoza kompyuta, simu au ala nyingine, ili hiyo nyingine ndiyo ilie. Kwa kuwa studio ndogo za nyumbani zimeenea, na nyimbo kadha wa kadha hurekodiwa sasa katika vyumba vya kawaida vya kulala, uchaguzi wa kinanda cha namna hii umekuwa jambo linalogusa mifuko ya wazazi wengi. Aghalabu fedha ya kukinunua hudundulizwa kwa miezi mingi, na ikiisha kutumika hairudi.

Nia ya makala haya ni kutoa maoni kuhusu namna ya kuchagua. Ni dhahiri kwamba wanunuzi wengi huchagua kwa macho. Hutazama wingi wa taa, wingi wa vifundo vya kuzungusha, rangi ya ganda, na jina lililoandikwa mgongoni. Mimi nashikilia kwamba kinanda kifaacho kwa mwanafunzi ni kile kinachopima mkono wake kwa uaminifu, na kisichomfungia ndani ya sauti 12 zilizopangwa kiwandani wakati muziki wake mwenyewe unadai sauti nyingine. Mambo mengine yote yaje baada ya hayo mawili. Lakini dai hili haliwezi kueleweka pasipo kwanza kujua chombo chenyewe hufanya nini.

NAMBA TATU

MIDI ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza ambayo maana yake, kwa ukaribu, ni kiunganishi cha kidijiti cha ala za muziki. Kabla ya kuwapo kwake, kila kampuni iliyotengeneza vinanda vya umeme ilikuwa na lugha yake, na kinanda cha kampuni moja hakikuweza kukiongoza cha nyingine. Mwaka 1981 Dave Smith na Chet Wood wa kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani waliwasilisha pendekezo la lugha moja mbele ya wahandisi wa sauti. Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa kampuni ya Roland ya Japani, alikuwa akilipigania wazo hilohilo. Mwezi Januari 1983, katika maonyesho ya biashara ya muziki huko California, kinanda cha Prophet-600 cha Sequential Circuits kiliunganishwa kwa waya na kinanda cha Jupiter-6 cha Roland, na kimoja kikakiongoza kingine. Maelezo kamili ya lugha hiyo yalitolewa mwezi Agosti mwaka huohuo. Watengenezaji waliitumia pasipo kulipa ada ya hataza, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya ienee duniani.

Lugha yenyewe ni nyepesi kiasi cha kuweza kufundishwa katika kipindi kimoja cha hesabu. Mpiga kinanda anapobonyeza kibonyezo kilicho karibu na katikati ya kinanda, namba tatu hutumwa, mathalani 144, 60 na 100. Namba ya kwanza ni amri: anza sauti, katika njia ya kwanza kati ya njia 16 zilizopo. Ya pili hutaja kibonyezo kipi. Ya tatu hueleza kibonyezo kimeshushwa kwa kasi gani. Kidole kinapoinuliwa, ujumbe mwingine hutumwa wa kuzima sauti ileile. Namba ya pili na ya tatu huanzia 0 hadi 127, kwa sababu kila moja imepewa biti 7, na 2 kwa kipeo cha 7 ni 128. Biti ya nane imetengwa kwa ajili ya kutofautisha amri na maelezo yake.

Katika waya wa asili wenye plagi ya pini 5, namba hizi husafiri kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde. Kila namba huchukua biti 10, kwa kuwa biti 8 za namba huongezewa moja ya kuanzia na moja ya kumalizia. Kwa hiyo ujumbe wa namba tatu una biti 30, nao huchukua muda wa sekunde 0.00096, yaani karibu elfu moja ya sekunde. Katika muda huo sauti hewani husafiri sentimita 33 tu. Mwanafunzi anayekaa mita 3 kutoka kwenye spika husubiri sauti impitie hewani kwa muda mrefu kuliko anavyousubiri waya.

Hapa ndipo hoja ya kwanza inapozaliwa. Ikiwa kinanda cha bei ndogo na kinanda cha bei kubwa vyote viwili vitatuma 144, 60 na 100, kompyuta itatoa sauti ileile, pasipo tofauti hata chembe. Utamu wa sauti haumo katika kinanda. Umo katika programu inayozipokea namba, na katika spika inayozigeuza kuwa mtetemo wa hewa. Anayelipa fedha nyingi zaidi kwa kudhani ananunua sauti nzuri zaidi amepotea njia. Tofauti ya kweli baina ya vinanda hivi haina budi kutafutwa kwingine, hasa katika ile namba ya tatu.

MKONO NA KIBONYEZO

Je, chombo kinajuaje kwamba mkono umebonyeza kwa nguvu au kwa upole? Hakipimi nguvu, bali hupima muda. Chini ya kila kibonyezo mna swichi mbili zilizopangwa ili moja iguswe kabla ya nyingine. Mtambo mdogo ndani ya kinanda huhesabu muda unaopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Tuseme umbali kati ya miguso hiyo ni milimita 3. Kibonyezo kikiupita kwa milisekunde 30, kasi yake ni mita 0.1 kwa sekunde. Kikiupita kwa milisekunde 3, kasi ni mita 1 kwa sekunde. Kasi hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa namba kati ya 1 na 127. Ni hesabu ya mwendo ileile inayofundishwa shuleni kwa kigari na saa ya kusimamisha.

Kinanda kibovu ni kile ambacho vibonyezo vyake havikubaliani. Kimoja kitatoa 90 mahali jirani yake anapotoa 60, ingawa kidole ni kilekile. Mpigaji ataona muziki wake umejaa mabonde na vilima ambavyo hakuvikusudia, naye, kwa kutojua, ataulaumu mkono wake. Kwa mwanafunzi hilo ni dhara kubwa, maana atajifunza kuurekebisha mkono ili uendane na kasoro ya mashine, na siku atakapokutana na kinanda kizuri itambidi asahau alichojifunza.

Jaribio la kukagua ni rahisi, na yafaa lifanywe dukani kabla ya kulipa, au kwa muuzaji wa chombo kilichokwisha tumika. Unganisha kinanda na kompyuta au simu yenye programu inayoonyesha namba zinazopokelewa. Bonyeza kibonyezo kimoja mara 20 kwa kadiri uwezavyo kulinganisha mkono, kisha andika namba zilizotokea. Fanya hivyo kwa vibonyezo vitano vilivyo mbalimbali, vyeupe na vyeusi. Namba zitatawanyika, kwa sababu mkono wa binadamu si mashine. Lakini wastani wa kila kibonyezo usiachane mno na wastani wa wenzake. Baada ya hapo, bonyeza kwa upole kabisa, halafu kwa nguvu. Kinanda ambacho huruka kutoka 40 hadi 127 pasipo kutoa namba za kati hakina faida kwa mwenye kutaka kujifunza, hata kama kina taa za rangi zote za upinde wa mvua.

Vibonyezo vyenyewe viko vya aina tatu. Viko vyepesi vinavyorudishwa na springi, viko vyenye uzito wa kadiri, na viko vizito vyenye nyundo ndogo ndani, vinavyoiga piano. Mwanafunzi anayejiandaa kupiga piano yenyewe ahitaji hivyo vya tatu, pamoja na vibonyezo 88, tangu sauti ya mitetemo 27.5 kwa sekunde hadi ile ya mitetemo 4,186 hivi. Lakini chombo hicho ni kizito na ghali, na wengi katika studio za nyumbani hawakihitaji. Anayepanga midundo na kuongeza nyuzi chache za sauti atatosheka na vibonyezo 25, kwa kuwa viko vitufe vya kuhamisha kinanda chote juu au chini kwa oktava nzima. Anayetaka kupiga kwa mikono miwili atafute 49 au 61. Jambo moja tu ningelisisitiza: vibonyezo viwe vya upana kamili, ambapo oktava moja huchukua sentimita 16.5 hivi. Vile vyembamba vinavyouzwa kwa ajili ya safari hufundisha vidole umbali usio sahihi, nao mwanafunzi akienda kanisani, shuleni au ukumbini, atakuta vidole vyake vinaangukia pengine.

KUCHELEWA KWA SAUTI

Malalamiko mengi dhidi ya vinanda hivi ni kwamba sauti huchelewa. Yafaa kujua ni nani wa kulaumiwa. Tumekwisha ona kwamba waya huchukua elfu moja ya sekunde tu. Kompyuta, kwa upande wake, haitoi sauti papo hapo. Huikusanya kwanza katika akiba ndogo, kisha ndipo huipeleka kwenye spika. Akiba ya sampuli 1,024, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, ni sawa na milisekunde 23. Akiba ya sampuli 256 ni milisekunde 6 hivi.

Je, milisekunde 23 ni nyingi? Inategemea muziki. Katika wimbo wa taratibu hazitambulikani sana. Lakini tuchukue singeli ya Dar es Salaam, ambayo aghalabu huvuka mapigo 200 kwa dakika. Kwa mapigo 240, pigo moja huchukua milisekunde 250, na robo ya pigo milisekunde 62.5. Kuchelewa kwa milisekunde 23 kumekwisha kula zaidi ya theluthi moja ya robo hiyo, na mkono hauwezi tena kukaa juu ya mdundo. Dawa yake haipatikani kwa kununua kinanda cha bei kubwa zaidi. Hupatikana kwa kupunguza akiba katika mpangilio wa programu, au kwa kutumia kadi ya sauti iliyo bora. Mwanafunzi asiyejua hili atabadilisha vinanda vitatu na tatizo litabaki palepale.

KUMI NA MBILI SI SHERIA YA MAUMBILE

Sasa tufike kwenye hoja ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo nzito kuliko zote, nayo ndiyo isiyozungumzwa kabisa madukani.

Namba ya pili katika ujumbe wa MIDI hutaja kibonyezo, na kwa desturi kibonyezo hicho hupewa kimo cha sauti kwa kanuni moja. Namba 69 ni mitetemo 440 kwa sekunde, na kila hatua ya kwenda juu huzidisha kwa kipeuo cha kumi na mbili cha 2, yaani 1.0595 hivi. Baada ya hatua 12 mitetemo huwa maradufu, na hiyo ndiyo oktava. Mpango huu ni wa busara, kwani humwezesha mpigaji kuhamia ufunguo wowote wa muziki. Lakini ni mapatano ya binadamu, na maumbile hayakuuagiza.

Chukua waya wa zeze. Unapotetema wote, hutetema pia kwa nusu zake, theluthi zake, robo zake, na kuendelea, hivyo kwamba juu ya sauti ya msingi huzaliwa sauti-fuasi ambazo mitetemo yake ni mara 2, mara 3, mara 4 ya ile ya msingi. Wachunguzi wa muziki wa Wagogo wa Tanzania ya kati wameeleza kwamba ngazi ya sauti katika uimbaji wao imejengwa juu ya sauti-fuasi hizo hasa, pamoja na ile ya saba. Yeyote aliyesikiliza ilimba na zeze za marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, anakumbuka mng'ao wa pekee wa ngazi hiyo. Tufanye hesabu. Ikiwa sauti ya nne ni mitetemo 220, basi ya saba ni 220 mara 7 gawanya kwa 4, yaani 385. Kibonyezo kilicho karibu nayo zaidi katika kinanda hutoa 392. Tofauti ya mitetemo 7 kwa sekunde hapo si ndogo; sikio la kijana yeyote hulitambua pengo hilo sauti zote mbili zikipigwa moja baada ya nyingine. Mpiga ilimba huirekebisha sauti kwa kusogeza ulimi wa chuma mbele au nyuma kidogo. Kibonyezo cha plastiki hakina ulimi wa kusogezwa.

Hali kadhalika taarab ya pwani. Katika maqamu kama Rasti na Bayati, iko sauti ambayo makazi yake ni karibu katikati ya vibonyezo viwili vya jirani. Mpiga kanuni huipata kwa kuinua au kushusha vikono vidogo vilivyo chini ya nyuzi, na wapiga udi na fidla huipata kwa kidole, kwa kuwa shingo za ala zao hazina vizuizi. Kweli, kodiani nayo ina sauti zilizofungwa, na imekaa na taarab kwa miaka mingi; kwa hiyo mgogoro huu haukuanza na kompyuta. Lakini kodiani ilikuwa ala moja kati ya nyingi. Katika studio ya nyumbani kinanda kimoja hushika nafasi ya kanuni, ya udi, ya fidla na ya nai kwa pamoja, na vyote vinne vikafuata ngazi ileile ya 12. Kijana anayekua akisikia hiyo peke yake ataona kanuni ya babu yake ndiyo isiyolingana. Hapo mashine itakuwa imemfundisha sikio lake kuikana sauti ya kwao, na hakuna mtu aliyekaa akaamua kwamba iwe hivyo.

Bahati nzuri, lugha ya MIDI ina mlango wa kutokea. Ni gurudumu dogo lililo upande wa kushoto wa vinanda vingi, la kupinda sauti juu na chini. Gurudumu hilo hutuma thamani ya biti 14, yaani hatua 16,384, ambazo katikati yake ni 8,192. Kwa kawaida upeo wake ni nusu-toni mbili juu na mbili chini. Anayetaka kushusha sauti kwa robo-toni anahitaji robo ya safari ya kwenda chini, yaani hatua 2,048, na gurudumu litasoma 6,144. Kwa ile sauti ya saba ya Wagogo zahitajika hatua 1,280 hivi chini ya katikati. Kwa hiyo uwezo upo, tena ni mpana kuliko sikio linavyohitaji.

Uko upungufu mmoja. Gurudumu hupinda sauti zote zilizo katika njia moja kwa pamoja. Ukishika sauti tatu, zitapinda zote tatu. Ili kuondoa upungufu huo, mwaka 2018 ulipitishwa utaratibu wa kuipa kila sauti njia yake, na MIDI 2.0 iliyopitishwa mwaka 2020 imepanua jambo hilo zaidi. Vinanda vinavyotumia taratibu hizo kikamilifu bado vina bei kubwa, na sioni sababu ya mwanafunzi kuvisubiri. Iko njia nyingine isiyo na gharama: baadhi ya programu, mfano Surge XT ambayo hutolewa bure, humruhusu mtumiaji kuandika ngazi yake mwenyewe, na kila kibonyezo kikalia kwa mitetemo aliyoitaka. Hapo kinanda kitaendelea kutuma namba 60, lakini maana ya 60 itakuwa imeamuliwa na mwanamuziki.

Kwa sababu hiyo nasema: kinanda kisicho na gurudumu la kupinda, au chenye kitufe tu badala yake, kisinunuliwe na mwenye nia ya kupiga muziki wa kwetu, hata kikiwa rahisi. Na programu isiyokubali ngazi nyingine isiwe ndiyo pekee mwanafunzi anayoifahamu.

MAPINGAMIZI

Wako watakaosema kwamba kinanda hiki hakihitajiwi kabisa, kwani nyimbo nyingi zilizovuma zimeundwa kwa kipanya cha kompyuta peke yake. Hilo ni kweli, na asiye na fedha asijione amezuiliwa. Lakini kipanya hakijui kasi ya kidole. Kila sauti hutoka na nguvu ileile mpaka mtu aibadilishe moja baada ya nyingine, na wachache wana subira hiyo.

Wengine watasema, kwa haki zaidi, kwamba afadhali kununua kinanda cha kawaida chenye sauti na spika zake, kwa kuwa kitafaa harusini, kwaya na hata siku ambayo kompyuta imeharibika. Pingamizi hili nalikubali kwa sehemu. Kwa kikundi kinachopiga mbele ya watu, hicho ndicho chombo chenye faida, na vingi vya aina hiyo vina tundu la MIDI la pini 5 au la USB mgongoni, hivyo vyaweza kuiongoza kompyuta pia. Familia ambayo tayari inacho haina sababu ya kununua kingine. Itafute waya tu. Lakini kwa anayeanzia sifuri na kompyuta au simu anayo, kinanda kisicholia kitampa vibonyezo bora kwa fedha ileile, maana hakuna kilichotumika kugharimia spika. Tena hula umeme mdogo wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta yenyewe. Na tangu toleo la sita la Android la mwaka 2015, simu nyingi zimeweza kukipokea kwa waya mfupi wa kuunganishia.

Yuko pia muuzaji atakayesema kwamba chombo kilichokwisha tumika ni hasara. Sikubaliani naye. Lugha iliyopatanwa mwaka 1983 bado inaeleweka leo, na kinanda cha miaka hiyo chaweza kuzungumza na kompyuta mpya kupitia kiunganishi kidogo. Ni vyombo vichache vya kielektroniki vyenye sifa hiyo. Kinachochakaa ni swichi za mpira chini ya vibonyezo. Kwa hiyo bonyeza kila kimoja kabla ya kulipa. Kiulizwe pia kama chaweza kutumika pasipo programu maalumu ya kampuni, maana programu hiyo ikiachwa na mtengenezaji, chombo kizima chaweza kubaki pambo.

NAFASI YAKE SHULENI

Mwisho, neno kwa walimu. Shule nyingi huona chombo cha muziki kuwa mali ya klabu ya burudani, kifungiwe kabatini mpaka siku ya mahafali. Maoni yangu ni kwamba kinanda kimoja cha MIDI, cha vibonyezo 49, kinastahili kuwamo katika orodha ya vifaa vya maabara. Kwa chombo hicho mwalimu wa fizikia atapima mwendo, mitetemo na kasi ya sauti. Weka mawe madogo ya mizani juu ya kibonyezo mpaka kishuke, na darasa litajua uzito wake. Kinanda cha piano huhitaji gramu 50 hivi; chenu je? Mwalimu wa hesabu atafundisha vipeo na namba za msingi wa mbili kwa mfano unaosikika. Mwalimu wa kompyuta ataonyesha maana ya lugha moja iliyo wazi kwa wote. Na mzee wa kijiji anayejua kupiga zeze aalikwe darasani, sauti za ala yake zipimwe kwa simu, ziandikwe kwa mitetemo, kisha wanafunzi wazipange katika kinanda na kuzipiga mbele yake. Yeye ndiye atakayesema kama wamepatia.

Zoezi la namna hiyo halihitaji wataalamu kutoka nje wala mfuko mkubwa. Lahitaji kompyuta moja, kinanda kimoja kilichochaguliwa kwa vipimo tulivyovitaja, na mwalimu aliye tayari kusahihishwa na mzee. Wanafunzi watakaolifanya hawatadanganywa kirahisi na taa za dukani, na ngazi ya zeze itakuwa imeandikwa kwa namba katika madaftari yao, hata kama siku moja ala yenyewe itakosa mpigaji.